Nani Apishe? Mwongozo Kamili wa Kupita Kwenye Mizunguko na Makutano ya Barabara

Mwulize dereva nani mwenye haki ya kupita kwanza kwenye makutano, atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwulize nani anatakiwa kupisha, utamwona anafikiri. Nimekaa kiti cha pembeni na wanafunzi wengi wa udereva, na maswali hayo mawili hunionyesha mapema sana ni yupi atakuwa dereva mtulivu na yupi atakuwa wa kupiga honi kutwa. Kazi kubwa ya sheria ya barabarani ni kumtaja anayetakiwa kungoja. Anayepita anapita kwa kuwa mwenzake amemngojea, na mwenzake asipongoja, haki ya kupita haizuii bati kukunjika.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata swali moja tu, nani apishe, tangu unapoyaona makutano kwa mbali mpaka unapoyaacha nyuma. Mifano yote ni ya mahali ambako magari hupita kushoto. Kama kwenu magari hupita kulia, geuza kila kitu: niliposema kulia soma kushoto, na mzunguko ninaosema unazungukwa kwa kufuata mshale wa saa, wenu unazungukwa kinyume chake.

Kupisha maana yake nini

Wengi wanadhani kupisha ni kusimama. Siyo lazima. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaeleza vizuri: anayetakiwa kupisha haruhusiwi kuendelea, wala kuanza tena kwenda, iwapo kufanya hivyo kunaweza kumlazimisha dereva mwingine abadili ghafla mwendo au mwelekeo wake.

Neno la kushika hapo ni "ghafla", maana linakupa kipimo cha kujipima mwenyewe. Ukishaingia barabarani, tupia jicho kioo cha ndani. Gari lililo nyuma yako pua yake imeinama kuelekea lami? Basi dereva wake amekanyaga breki kwa ajili yako, na wewe hukupisha, hata kama hamkugusana na hata kama hakupiga honi. Kama pua haikuinama, nafasi uliyoichukua ilikuwa yako kweli. Wanafunzi wangu huwa nawataka wajisahihishe kwa kioo hicho kila tunapoingia barabara kubwa. Ndani ya siku chache wanaacha kuniuliza kama waliingia vizuri, kwa sababu kioo kimeshawajibu.

Kabla hujafika

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiyaona makutano mita 100 mbele, una sekunde saba. Zinatosha kabisa kama ukizitumia kwa mpangilio, na hazitoshi kabisa kama ukizianza zikiwa zimebaki mbili.

Anza na kioo cha ndani, kisha cha upande unaotaka kwenda: nani yuko nyuma na yuko karibu kiasi gani? Ndipo uwashe indiketa. Indiketa ni ya kuwaambia wengine unachokusudia kabla ya kukifanya; ukiiwasha huku usukani umeshakatwa, hujamwambia mtu kitu. Kisha ondoa mguu kwenye mafuta, gusa breki taratibu ili taa zako za nyuma ziwake mapema, na ufike ukiwa kwenye gia ya chini inayokuwezesha kwenda au kusimama bila kuhangaika. Dereva anayefika makutano akiwa na gia kubwa na mwendo mkali ameshaamua kwamba atapita. Ubongo wake haupendi kubadili uamuzi huo, na hapo ndipo anapoanza kuona nafasi mahali ambapo hakuna.

Huku unapunguza mwendo, soma alama. Katika nchi nyingi alama ya kusimama ina pembe nane, na ya kutoa nafasi ni pembetatu iliyosimama kwa kichwa. Maumbo hayo hayakupewa alama nyingine, na hilo si bahati: bamba likiwa limejaa vumbi, au ukiliona kwa mgongo, bado unalitambua. Hilo la mgongo madereva wengi hawalitumii. Ukiwa barabara kubwa na ukauona mgongo wa bamba la pembe nane kwenye barabara ndogo ya pembeni, unajua kwamba anayetoka kule ameamriwa asimame. Kama atasimama kweli, utajua kwa kumtazama yeye.

Penye alama ya kusimama, simama. Gari likisimama kweli mwili wako husogea mbele kidogo kisha hurudi kwenye kiti. Usipousikia huo mrudio, umepunguza mwendo tu.

Nani anaamuru nani

Makutano yakiwa na mambo mengi kwa wakati mmoja, yaani askari, taa, bamba na mistari ya chini, fuata ngazi. Askari wa usalama barabarani yuko juu ya wote. Akikuruhusu upite kwenye taa nyekundu, pita. Akikusimamisha kwenye kijani, simama. Chini yake ni taa. Chini ya taa ni alama za mabamba na mistari, na mwisho kabisa ni kanuni ya jumla inayotumika pasipo na kitu chochote.

Kanuni hiyo ya jumla hutofautiana, kwa hiyo ikariri ya nchi unayoendesha. Mkataba wa Vienna wenyewe unasema kwamba kwa nchi ambako magari hupita kulia, kwenye makutano yasiyo na alama unampisha anayetoka kulia kwako (hapa usigeuze, kulia ni kulia). Kwa nchi za kupita kushoto umeacha jambo liamuliwe na alama, taa na mistari. Pamoja na hayo, kuna mambo ambayo karibu kila mahali ni yale yale: anayetoka njia ya vumbi kuingia barabara hupisha, anayetoka uani, kituo cha mafuta au maegesho hupisha, na anayekata kona kuvuka leni ya wanaokuja mbele yake hupisha.

Kuingia barabara kubwa kutoka barabara ndogo

Hapa ndipo watu wanapogongwa ubavuni, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Chukua barabara ya leni mbili yenye upana wa kama mita 7. Gari lako lina urefu wa mita 4 na nusu. Ili uivuke mpaka mkia utoke, unahitaji kwenda kama mita 12. Ukianza ukiwa umesimama, kwa kukanyaga mafuta ya wastani, hizo ni sekunde tatu na nusu hivi. Ongeza sekunde moja ya kuamua na kuachia klachi. Jumla ni sekunde nne na nusu. Katika muda huo gari linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa litakuwa limekwenda zaidi ya mita 60. Linalokuja kwa kilomita 80 litakuwa limekwenda mita 100, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Tena hiyo ni kwa gari dogo lisilo na mzigo, kwenye lami kavu. Ukiwa na abiria watano na begi nyuma, au barabara ikiwa inapanda, ongeza.

Kwa hiyo usijiulize "gari lile liko mbali?" Jiulize "nikihesabu moja mpaka tano, litakuwa wapi?" Chagua nguzo au mti barabarani, gari likiupita anza kuhesabu, uone linakufikia kwa hesabu ngapi. Fanya hivyo mara kumi ukiwa umesimama huna haraka, jicho lako litajifunza.

Pikipiki inataka uangalifu wake. Kwa kuwa ni nyembamba, jicho huiona kama iko mbali zaidi na inakuja polepole zaidi kuliko ilivyo. Dereva anayesema "ilitokea ghafla" mara nyingi aliiona kabisa. Alichokosea ni makadirio.

Kisha kuna nguzo za kioo cha mbele, zile mbili zinazoshika paa. Nguzo nene inaweza kumficha mtembea kwa miguu mzima, na kwa umbali fulani inaficha hata gari. Ubaya ni kwamba inaweza kulificha mfululizo. Vitu viwili vikielekea kugongana kwa mwendo usiobadilika, kila kimoja hukiona kingine kwa pembe ile ile muda wote. Mabaharia wanaijua kanuni hiyo: chombo kinachobaki pale pale machoni pako na kinazidi kuwa kikubwa, hicho ndicho mtakachogongana nacho. Garini maana yake ni kwamba gari lililojificha nyuma ya nguzo na ambalo lingekugonga linaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyo hiyo mpaka mwisho. Dawa ni rahisi: inua mgongo kwenye kiti, sogeza kichwa mbele, kirudishe nyuma, ndipo uamue.

Namna ya kutazama nayo ina utaratibu. Kulia, kushoto, kulia tena, kwa sababu anayetoka kulia ndiye atakayekufikia kwanza. Usifagie macho kwa mkupuo mmoja. Jicho likiwa linakimbia haliandiki linachokipita. Litue mahali matatu: karibu, katikati, mbali.

Kukata kulia mbele ya wanaokuja

Sogea karibu na mstari wa katikati, washa indiketa ya kulia, ngoja. Huku unangoja, tairi zako za mbele ziwe zimenyooka. Watu wengi husimama wakiwa wameshakata usukani ili waokoe nusu sekunde. Gari la nyuma likikugonga ukiwa umenyoosha tairi, unasukumwa mbele kwenye leni yako mwenyewe. Likikugonga ukiwa umezikata, unasukumwa moja kwa moja mbele ya lori linalokuja. Ni jambo la nyuzi chache za usukani, na ningependa kila mwanafunzi alishike kabla hajashika jingine lolote katika sehemu hii.

Leni za mbele zikiwa mbili na dereva wa leni ya kwanza akasimama kukuachia, hajakuachia leni ya pili. Songa polepole mpaka uione yote. Na kabla hujaingia barabara unayoielekea, tazama kama kuna mtu anaivuka kwa miguu. Unakata kuingia barabara mpya, yeye yuko katikati yake: unampisha.

Makutano yenye alama ya kusimama pande zote huendeshwa kwa zamu. Aliyefika kwanza anakwenda kwanza. Mkifika pamoja na mkashindwa kuelewana, mwachie mwenzako.

Taa

Taa ya kijani inasema unaruhusiwa kupita kama njia iko wazi. Ikiwaka ukiwa wa kwanza kwenye mstari, hesabu moja, tazama kulia na kushoto, ndipo uende. Hiyo sekunde moja ni ya yule aliyekimbilia njano upande wa pili.

Njano inasumbua kwa sababu watu huamua wakati imeshawaka. Amua kabla. Kwa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, gari zima likiwa na breki nzima huhitaji kama mita 25 hadi 30 kusimama, ukihesabu na muda wa mguu kufika kwenye breki. Unapoikaribia taa, chagua alama chini, tuseme nguzo ya taa ya barabarani, iliyo umbali huo kutoka kwenye mstari. Njano ikiwaka hujaifikia nguzo, unasimama. Ikiwaka umeshaipita na kusimama kutakuwa kwa kuserereka, unamalizia. Mvua ikinyesha isogeze nguzo yako nyuma zaidi.

Foleni ikiwa imesimama upande wa pili, usiingie katikati ya makutano hata kama una kijani. Ngoja nyuma ya mstari mpaka uione nafasi ya kutosha gari lako zima ng'ambo ya pili. Gari moja lililokwama katikati huziba barabara nne, na wanaozibwa hawakosi kulipa: taa yao ikigeuka wanaingia nao, na fundo linazidi kukaza.

Taa zikizimika, usijifanye bado una kijani. Chukulia kwamba pande zote zimeambiwa zisimame.

Mzunguko

Sasa mzunguko, au kipilefti kama wengi tunavyouita. Huu ndio mtindo wa makutano ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaoharibiwa zaidi na tabia.

Makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambapo njia za magari hukatana, hukutana au huachana. Mzunguko wa leni moja wenye barabara hizo hizo nne una sehemu 8 tu. Zaidi ya hapo, kwenye mzunguko magari yote yanakwenda upande mmoja, kwa hiyo kugongana uso kwa uso na kugongana ubavuni kwa pembe mraba, ambako ndiko kunakoua, karibu kunaondoka. Kinachobaki ni kukwaruzana kwa pembe ndogo kwa mwendo mdogo. Kisiwa cha katikati kimewekwa makusudi mbele yako ili usiweze kunyoosha.

Lakini kisiwa peke yake hakitoshi. Mizunguko ya zamani ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi kwenye mingi yao anayeingia ndiye aliyepishwa. Matokeo yake kila mmoja aliingia, mzunguko ukajaa, waliomo ndani wakashindwa kutoka kwa sababu njia zao za kutokea zilizibwa na walioingia, nao walioingia hawakuwa na pa kwenda. Mwaka 1966 Uingereza ilipitisha kanuni kwamba anayeingia ampishe aliyemo ndani, na mizunguko iliyokuwa inajifunga ikaanza kutiririka. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika sehemu kubwa ya dunia leo. Paris, kwenye uwanja wa Arc de Triomphe unaokutanisha barabara 12, bado wanaotoka ndani ndio wanaosimama kuwapisha wanaoingia, na yeyote aliyeuona kwa saa za jioni anaelewa kwa nini wengine waliiacha njia hiyo.

Ukijua sababu, kanuni haihitaji kukaririwa: mzunguko hufanya kazi kwa kutoa watu kwanza. Kila unapolazimisha kuingia mbele ya aliyemo ndani, unaziba mlango ambao na wewe utauhitaji.

Kuchagua leni. Unatokea kushoto, njia ya kwanza: leni ya kushoto, indiketa ya kushoto tangu unakaribia. Unanyoosha: leni ya kushoto, isipokuwa mishale ya chini iseme vingine, bila indiketa wakati wa kuingia. Unakwenda kulia au unageuza kurudi ulikotoka: leni ya kulia, indiketa ya kulia. Mishale iliyochorwa barabarani hushinda haya yote, kwa hiyo isome mapema, kabla gari la mbele halijaifunika.

Kuingia. Gongano la kila siku kwenye mzunguko ni hili: gari la mbele yako linaanza kwenda, wewe unageuza kichwa kulia, unaona pako wazi, unakanyaga mafuta, na gari la mbele limeghairi na kusimama. Umeligonga mgongoni ukiwa unatazama kwingine. Kichwa kiko kulia, mguu uko kwenye mafuta, na hakuna anayetazama mbele. Kwa hiyo weka kanuni ya chuma: macho yanarudi mbele kabla mguu haujagusa mafuta. Hakikisha gari la mbele limeshaondoka kabisa, siyo kwamba linaondoka.

Kusoma tairi. Unatazama kulia, unaona gari linakuja ndani ya mzunguko na indiketa yake ya kushoto inawaka. Litatoka kabla halijakufikia, au dereva wake ameisahau tangu kona iliyopita? Jioni moja ya mvua niliiamini indiketa kama hiyo. Gari lilikuwa jeupe, indiketa inawaka vizuri kabisa, nikaingia. Halikutoka. Lilinipata kwenye mlango wangu wa kulia, kwa mwendo mdogo, namshukuru Mungu, na yule dereva aliposhuka indiketa yake ilikuwa bado inapigapiga kwenye maji ya mvua. Kisheria nilikuwa nimeingia mbele ya aliyemo ndani. Sikuwa na la kusema, na sikulisema.

Tangu hapo natazama tairi za mbele. Gari linaloendelea kuzunguka, tairi zake zinabaki zimeelekea upande wa kisiwa. Linalotoka, tairi hunyooka kwanza, kisha hugeukia nje, na bodi hubadili ulalo: lilikuwa limeegemea nje, sasa linajinyoosha. Mwendo nao hupungua kidogo. Kwa pikipiki tazama kichwa cha mpandaji na bega lake, kwa sababu mwili hutangulia tairi. Ukishaona indiketa na tairi vinasema jambo moja, ingia. Visipokubaliana, fuata tairi.

Ndani. Baki kwenye leni yako. Usiende sambamba na gari jingine kwa muda mrefu. Kaa mbele yake kidogo au nyuma yake kidogo, ili mmoja wenu akikosea leni pawe na nafasi ya kukwepa. Lori refu mwachie nafasi yote. Anapozunguka, mkia wake huvutwa kuelekea kisiwa. Anapotoka, huvutwa kuelekea ukingo wa kushoto. Ukijichomeka ubavuni mwake sehemu yoyote ya hizo, hakuoni, na tairi zake za nyuma hazina njia nyingine ya kupita.

Kutoka. Ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, washa indiketa ya kushoto. Usiiwashe mapema zaidi, maana anayesubiri kwenye njia ile ataingia mbele yako kwa kukuamini. Tazama kioo cha kushoto na ugeuze shingo kidogo: pikipiki na baiskeli hupenda kupita upande huo. Kisha toka, ukitazama kivuko cha wenda kwa miguu, ambacho mara nyingi kiko mita chache tu baada ya kutoka. Madereva huongeza mwendo hapo kwa furaha ya kumaliza, na mtu anayevuka anakuwa amekutazama wewe ukizunguka bila kujua kama unatokea kwake. Kama hukuwasha indiketa, umemfanya abahatishe.

Umekosa njia yako ya kutokea? Zunguka tena. Mzunguko ni mahali pekee barabarani ambapo kukosea njia kunakugharimu sekunde ishirini. Kukata leni mbili kwa ghafla ili uiwahi njia kunaweza kumgharimu mtu mwingine mguu.

Tabia zinazoharibu

Kuwasha hazadi, yaani indiketa zote mbili kwa pamoja, kumaanisha "ninanyoosha" ni tabia iliyoenea sana, na wanaoifanya wengi wana nia njema. Jiweke mahali pa dereva aliye kushoto kwako kwenye makutano. Anaona ubavu wako mmoja tu. Anaona taa moja inapigapiga, ya kushoto. Kwake yeye unakata kushoto, kwa hiyo anaingia. Aliye kulia anaona taa ya kulia inapigapiga, naye anasoma vingine. Kwa ishara moja umewadanganya watu wawili mambo mawili tofauti. Ukiwa unanyoosha, usiwashe chochote.

Kumpungia mkono mwenzako apite ingawa zamu ni yako, nako kuna hatari ambayo watu hawaioni. Wewe umempa nafasi ya leni yako. Anayekuja nyuma ya bega lako kwa pikipiki hakushauriwa. Ukitaka kuwa mwema, punguza mwendo mapema au chelewa kuondoka, nafasi ifunguke yenyewe, na umwachie mwenzako aamue kwa macho yake. Ukipungiwa wewe, shukuru, kisha tazama upya kama vile hukupungiwa. Na kupiga taa kubwa ni vivyo hivyo: kwa mmoja maana yake "pita", kwa mwingine "napita mimi", na hamjakubaliana kabla.

Kuchomekea kwenye foleni ya kuingia mzunguko hakumpunguzii mtu muda wa maana. Kunamlazimisha aliye nyuma asogee karibu zaidi na wa mbele ili asichomekewe tena, na ndivyo ule umbali wa kuokoa bampa unavyopotea foleni nzima.

Asiyetakiwa kupita akipita mbele yako kwa nguvu, achia mafuta, umwachie. Usimkimbilie kumwonyesha. Utakuwa umebeba hasira mpaka makutano yanayofuata, na hayo nayo yana watu wanaohitaji kuonwa.

Gari la wagonjwa au la zimamoto likija nyuma yako ukiwa ndani ya mzunguko, usisimame humo. Toka kwa njia iliyo karibu, hata kama si yako, kisha jiweke pembeni.

Zoezi

Usijifunze haya ukiwa umeshika usukani tu. Tafuta mzunguko wenye magari ya kutosha, simama kwa miguu mahali salama ukingoni, kwa nusu saa. Chagua gari moja moja linapoingia. Useme kwa sauti litatokea wapi kabla halijafika, kwanza kwa kutazama indiketa peke yake, magari ishirini. Kisha magari ishirini mengine kwa kutazama tairi peke yake. Andika ulipatia mangapi kila mara.

Siku inayofuata kaa kiti cha abiria na dereva mwingine, na kila mnapoyakaribia makutano utaje anayetakiwa kupishwa: "lile lori", "yule mama mwenye mtoto", "hakuna". Kwa maneno hayo hayo machache, bila kumfundisha mwenye gari kazi yake. Mwanafunzi wangu akifika mahali anamtaja wa kupishwa kabla mimi sijamwona, siku hiyo tunauacha uwanja mtupu wa mazoezi na kwenda kwenye foleni.